Ijumaa Jioni, Kabla ya Salongo: Kisa cha Avenyu Moja ya Kadutu

Kanivo ya avenyu yetu, ule mtaro wa maji machafu, ina upana wa mkono mmoja wa mtu mzima. Inaanzia juu karibu na ukuta wa kanisa, inapita mbele ya parseli, yaani viwanja vya nyumba, thelathini na kitu, kisha inateremka ngazi za mawe hadi inakokutana na maji mengine yanayokimbilia mto Kawa. Wakati wa kiangazi ni shimo refu la vumbi. Mvua ya Septemba ikipiga mara mbili tu, inageuka kuwa daftari la kila tulichonunua tangu Juni: sashe (ndiyo mifuko ya plastiki) nyeusi, sashe nyeupe za sambaza, chupa za maji, pampas, na kandambili moja moja. Kwa nini kandambili haziji mbili mbili, hilo sijalipatia jibu.

Ni Bukavu, komini ya Kadutu, upande ule ambako nyumba zimepandana kama watu waliokaa kwenye ngazi wakitazama mpira. Jina la avenyu nitalificha, na ya watu pia; anayeishi huku siku hizi haulizi kwa nini.

Kisa chenyewe ni kidogo. Jumamosi asubuhi, siku ya salongo, kazi ya pamoja ya usafi, nani anatoka na beleshi kuzibua kanivo, nani anabaki ndani, na kwa nini orodha ya hawa na wale imepinduka mara mbili katika miaka saba huku uchafu ukiwa ule ule? Wanaochunguza siasa za mazingira hupenda kuuliza kama mwananchi yuko tayari kujinyima. Nimekaa kwenye avenyu hii miaka kumi na sita, na ninavyoona, swali hilo likiulizwa huku mtu hasikii habari za mazingira hata kidogo. Anasikia: nani ananituma?

Njia ya sashe

Nianze na sashe, maana bila hiyo ugomvi wetu unaonekana wa kitoto. Kwenye kona yuko mama anayeuza sambaza chini ya mwavuli uliopauka. Sambaza ni wale samaki wadogo wa ziwa Kivu, walioletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950; leo nani anakumbuka kwamba ni wageni? Wakiwa wabichi wanavuja maji. Mama anapima kwa kikombe, anaongeza vidogo vitatu vinne vya matabishi, nyongeza ya bure, analamba kidole, anafungua sashe, anaipuliza ipanuke, anamwaga, anapiga fundo. Mnunuzi anapanda ngazi, anamimina kwenye sahani, sashe inatupwa nje. Kutoka mkononi mwa mama hadi kwenye kanivo ni pengine robo saa.

Kutoka kanivo inaingia Kawa, na Kawa inaimwaga ziwani. Ziwa Kivu lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Ruzizi, na mlango huo uko hapa hapa mjini, kwenye ncha ya kusini. Kinachoelea upande wetu wa ziwa kinavutwa taratibu kuelekea hapo. Na hapo ndipo lilipo bwawa la Ruzizi ya kwanza, la mwishoni mwa miaka ya 1950, lenye uwezo wa megawati zipatazo 30. Chini yake likaja la Ruzizi ya pili mwaka 1989, ambalo Kongo, Rwanda na Burundi wanagawana umeme wake. Takataka zinajibandika kwenye vyuma vya mlango wa maji, maji yanapita kwa shida, mashine inasimamishwa, wazamiaji wanashuka kung'oa uchafu. Mji unaingia giza.

Giza likiingia, hata mwenye jiko la umeme anarudi kwenye mbabula, lile jiko dogo, na mbabula inakula makala, yaani mkaa. Makala ya Bukavu yanashuka kutoka milimani, na sehemu yake inachomwa ndani ya Kahuzi-Biega, hifadhi ya taifa tangu 1970, urithi wa dunia tangu 1980, na kwenye orodha ya urithi ulio hatarini tangu 1997. Anayetaka kujua sashe ya sambaza inamdhuru vipi gorila wa Kahuzi asitafute gorila mwenye sashe shingoni. Afuate giza.

Nimeyaeleza kwa urefu kwa sababu kwenye avenyu yetu hakuna asiyeyajua. Umeme ukikatika, mtoto wa darasa la tatu atakuambia "ni masashe". Wale wanaosema kwamba watu hawajitolei kwa kuwa hawajaelimishwa waje wakae nasi wiki moja, tena tutawapikia.

Uchafu hauna chama

Tarehe 30 Desemba 2017, waziri mkuu wa wakati huo, Bruno Tshibala, alitia saini amri ya kupiga marufuku kutengeneza, kuingiza, kuuza na kutumia sashe na vifungashio vingine vya plastiki. Ilitakiwa ianze kuuma katikati ya 2018. Kwenye karatasi ni amri nzuri. Lakini kumbuka 2018 ulikuwa mwaka gani. Muhula wa rais Joseph Kabila ulikwisha tangu Desemba 2016, uchaguzi uliahirishwa ukaahirishwa tena, na kila kilichotoka Kinshasa kilinuswa kabla ya kusomwa. Aliyetumwa kutueleza amri ile alikuja amevaa kofia ya chama tawala. Sidhani alikusudia, huenda ndiyo kofia aliyokuwa nayo, na jua lilikuwa kali. Kabla hajafungua mdomo, nusu ya watu walikwisha kata shauri.

Mwalimu mstaafu wa parseli ya juu alisimama upande wake. Mwalimu alikuwa mtu wa chama kile na hakuficha. Pia alikuwa amefundisha biolojia maisha yake yote na alizichukia sashe kwa dhati, kiasi cha kukataa chai ukimletea sukari ndani ya sashe. Mambo yote mawili yalikuwa kweli, lakini avenyu iliona moja tu. Ni yeye niliyemsikia kwa mara ya kwanza akisema, "Uchafu hauna chama." Akafufua na salongo: kila Jumamosi saa moja asubuhi, kila parseli mtu mmoja.

Mumotari, dereva wa pikipiki ya abiria, wa parseli ya nne alimjibu akiwa juu ya pikipiki yake, bila kushuka: "Mwalimu, mi siko mutumwa ya mutu. Salongo ni ya Mobutu."

Watu walicheka, lakini hakusema uongo. Salongo ni neno la Lingala lililobandikwa kwenye kazi ya lazima miaka ya 1970, wakati ambapo kila Mzairwa alihesabiwa mwanachama wa MPR, chama pekee cha Mobutu, apende asipende. Wazee wana kumbukumbu ya nyuma zaidi: mitaro ya kuzuia mmomonyoko iliyochimbwa kwa amri ya Wabelgiji kwenye milima ya Kivu, ambayo watu waliiachia ijae udongo uhuru ulipofika 1960. Mitaro ile ilikuwa na faida. Mvua za siku hizi zinatuambia hivyo kila mwaka. Milima ya Uluguru, katika Tanganyika ya Waingereza, iliyaona hayo hayo mwaka 1955: watu waligoma kuchimba matuta ya ngazi, zikazuka ghasia, na TANU iliyokuwa na mwaka mmoja ikapata masikio ya kuisikiliza. Hakuna Mluguru aliyekuwa akitetea mmomonyoko. Waliyemkataa ni yule aliyeshika fimbo nyuma ya jembe.

Mama wa sambaza hakuwa na chama, alikuwa na swali. "Sasa sambaza nitafungia ndani ya nini? Gazeti?" Mwenye kofia akamwambia wateja waje na vitunga. Mteja wa kikombe kimoja, anayepita akitoka kazini, atoe wapi kitunga? Jani la mgomba lingefaa, ila migomba ya Kadutu ilikwisha geuka kuwa nyumba zamani. Swali lile halikujibiwa siku ile wala baadaye. Kwa maoni yangu amri ile ilifia pale, kwenye samaki mbichi anayevuja maji, kabla hata siasa haijamaliza kazi yake. Lakini ukiwauliza watu leo, swali la mama hawalikumbuki. Wanakumbuka kofia.

Na kulikuwa na mfano ulio karibu mno. Ukivuka Ruzizi kwenda Kamembe, sashe zinabaki mpakani. Rwanda ilizipiga marufuku tangu 2008, na mama zetu wanaofanya biashara ya kuvuka wamezoea kuhamisha mizigo kabla ya kufika kwa watu wa forodha. Kila mtu alikuwa ameona kwa macho yake kwamba mji unaweza kuishi bila sashe. Kwingine mfano kama huo ungemaliza ubishi. Kwetu uliuchochea. "Hatuko Rwanda" likawa jibu lililojitosheleza, na aliyelitoa hakuhitaji kuongeza neno.

Ule muungano wa Kabila na Félix Tshisekedi, rais aliyemfuata, ulivunjika Desemba 2020. Waliokuwa juu wakashuka. Mumotari, aliyemshangilia Tshisekedi tangu kiapo cha Januari 2019, sasa alijiona mwenye nyumba. Salongo ilipotangazwa tena, alitoka yeye kwanza, beleshi begani, akapita akigonga milango. Alipofika kwa mwalimu akasema, nami nilikuwepo: "Mwalimu, uchafu hauna chama."

Mwalimu alikuwa na kiuno. Kiuno kile kilimshika kila Jumamosi kwa karibu mwaka mzima, kikawa kinamwachia Jumapili aende misa.

Simcheki. Mimi siku zile nilikuwa namtuma mtoto wa dada yangu na beleshi, mwenyewe nikibaki na kikombe cha kahawa dirishani nikijiambia kwamba nina kazi ya kuandika. Ninachotaka kionekane ni kwamba kati ya 2018 na 2021 hakuna hata mmoja wa wale wawili aliyebadili fikra zake kuhusu sashe. Waliachiana kiti, na sentensi ikahama nyumba pamoja na kiti.

Si sisi peke yetu. Marekani, ambako leo ukimwuliza mtu kuhusu mazingira unaweza kukisia kura yake, mambo hayakuanza hivyo. Idara yao ya kulinda mazingira ilizaliwa Desemba 1970 chini ya Richard Nixon, Mrepublican, na sheria ya hewa safi ya mwaka ule ilipita Seneti kwa kura 73 bila hata moja ya kupinga. Nusu karne baadaye nchi ile ile ilitangaza mwaka 2017 kwamba inajitoa kwenye mkataba wa Paris, ikarudi 2021, na Januari 2025 ikatangaza tena kujitoa, kila mara kufuatana na nani kaingia ikulu. Nikisoma hayo namwona mumotari wetu na mwalimu, ila wamevaa tai.

Kujitolea na kutolewa

Lugha yetu ina jambo moja ambalo wataalamu wa dodoso wangelipenda kama wangelijua. Kujinyima na kunyimwa ni tendo moja kwa tumbo: chakula hakipo. Kujitolea na kutolewa pia. Tofauti yote iko kwenye silabi ndogo, na siasa yote ya mazingira huku kwetu inachezwa ndani ya silabi hiyo.

Panda barabara ya Miti uelekee Kahuzi-Biega. Batwa waliishi ndani ya msitu ule kabla haujaitwa hifadhi. Ulipoitwa hifadhi, katika miaka ya 1970, walitolewa, na hawakupewa ardhi ya kuwatosha mahali pengine. Wamekaa pembeni ya msitu wao kwa vizazi viwili wakilima mashamba ya wengine. Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliamua kwamba serikali ya Kongo ilivunja haki zao, na uamuzi huo ukatangazwa hadharani 2024. Kama kuna watu wa Kivu Kusini walioyalipia mazingira kwa kila walichokuwa nacho, ni hawa, na hakuna dodoso lililowafikia kabla kuwauliza kama wako tayari. Sasa mtu wa Kadutu anayejua habari hiyo, na wengi wanaijua, akisikia neno "kuhifadhi" anatazama kwanza wapi mlango ulipo.

Au chukua mjadala wa gesi. Julai 2022 Kinshasa ilifungua zabuni ya vitalu 27 vya mafuta na vitatu vya gesi. Baadhi ya vile vya mafuta viligusa hifadhi ya Virunga na ardhi ya peti, ule udongo wa kinamasi, ya bonde la Kongo, dunia ikapiga kelele, na Oktoba 2024 zabuni ya mafuta ikafutwa. Vile vitatu vya gesi viko ndani ya ziwa letu hili. Kwenye kijiwe cha wamotari hoja ilikuwa moja, na mumotari wetu ndiye aliyekuwa msemaji: wenzetu wa ng'ambo, Rwanda, wanachota methani ya ziwa lile lile tangu kituo cha KivuWatt kilipoanza, megawati 26, sisi tunaambiwa tutunze. Tutunze kwa niaba ya nani? Ni mtu yule yule aliyekuwa akigonga milango kwa ajili ya kanivo. Ukimhesabu kwa kanivo ni mtetezi wa mazingira. Ukimhesabu kwa gesi ni adui. Yeye mwenyewe haoni mkanganyiko, na nikimsikiliza vizuri nami siuoni: pande zote mbili anauliza nani anabaki na faida na nani anabaki na beleshi.

Wafaransa walikuwa na la kwao Novemba 2018. Serikali ya Emmanuel Macron ilitaka kupandisha kodi ya mafuta ya gari kwa sababu za tabianchi, watu wa vijijini na miji midogo wakavaa vizibao vya njano na kuziba barabara, na Desemba kodi ikaachwa. Mwanzoni mwa mwaka ule ule kodi ya utajiri ilikuwa imepunguzwa ikabaki kwenye majumba na ardhi tu. Mtu anayeendesha kilomita arobaini kwenda kazini aliziona zote mbili kwa jicho moja. Huku kwetu vizibao vya njano ni ngazi za Kadutu, na kodi ya utajiri ni zile rasi za chini, zile nyumba zenye bustani mpaka majini, ambako sijawahi kusikia salongo ikigonga geti.

Utafiti mkubwa uliochapishwa 2024, uliowauliza watu karibu 130,000 katika nchi 125, ulikuta kwamba asilimia 69 wako tayari kutoa asilimia moja ya kipato chao kila mwezi kupambana na joto la dunia. Nchi maskini na zenye joto zilionyesha utayari mkubwa kuliko tajiri. Walipoulizwa wanadhani wenzao wangapi wangekubali, wakakisia asilimia 43. Ile ya kwanza hainishangazi. Ya pili ndiyo avenyu yetu: mwalimu anajua yeye angetoa, ila ana hakika mumotari asingetoa, na mumotari vivyo hivyo. Lakini utafiti ule uliuliza juu ya pesa bila kusema pesa inapita mkononi mwa nani, na huku kwetu hakuna pesa ya namna hiyo. Serikali tunaiita Leta. Ni Kifaransa kilichochubuka, lakini kila mtoto anajua neno hilo kwa Kiswahili lina maana gani.

Kayeti ya shefu

Shefu wa avenyu, mzee mwenye koti moja la kijivu, ana kayeti, daftari la mistari, anayoweka chini ya godoro. Humo ameandika tangu 2019 nani amelipa franga elfu moja za mwezi kwa vijana wanaobeba takataka. Vijana wenyewe ni watoto wa avenyu: wanapita Jumatano na viroba, wanapanda navyo mpaka barabara kubwa, kiroba kinapakiwa, basi. Niliomba kuiona kayeti kwa ajili ya maandishi haya. Shefu akasita, kisha akasema nisome akiwepo.

Nilitafuta jina la mwalimu katika miezi ya kiuno. Lipo, kila mwezi. Nikatafuta la mumotari katika mwaka wa 2018 na kitu, mwaka wa "mi siko mutumwa". Hapo kayeti ilikuwa bado haijaanza, lakini tangu ukurasa wa kwanza wa 2019 yupo, na kuna miezi kalipa na ya bibi mmoja mjane wa parseli ya tano. Mama wa sambaza analipa mara mbili, nyumba na mwavuli. Wasiolipa wapo, na ni wa kila upande: mtu wa ofisi, fundi seremala, familia moja isiyo na kitu kabisa ambayo shefu amewaandikia alama ya kujumlisha kila mwezi ingawa hawatoi. Mimi nina miezi miwili mitupu. Nilijifanya kutoiona.

Ningependa kusema kwamba kayeti inathibitisha watu wote ni wema, lakini haithibitishi. Elfu moja ni pungufu ya bei ya chupa ya bia, na kutoa pesa mlangoni ni rahisi kuliko kuinama barabarani huku jirani akikuhesabu. Inachoonyesha ni kidogo zaidi ya hapo: kiroba kikionekana kikiondoka, na anayekibeba akiwa mtoto wa fulani, kambi za kisiasa hazina pa kushika. Hakuna aliyewahi kuniambia kulipa kwa Jumatano ni kuunga mkono mtu.

Jumamosi ya mwaka huu mwingine

Katikati ya Februari 2025, wiki chache baada ya kuiteka Goma, waasi wa AFC/M23 waliingia Bukavu. Ripoti za wataalamu wa Umoja wa Mataifa zinasema Rwanda iko nyuma yao, Kigali inakana. Kadutu haikusubiri ripoti. Salongo ilipoitwa na wakuu wapya, watu walianza kuiita umuganda, jina la kazi ya pamoja ya Rwanda ya Jumamosi ya mwisho ya mwezi, na waliliita kwa sauti ya chini.

Hapa orodha ilipinduka mara ya pili, ila safari hii haikupinduka vizuri kama chapati. Mwalimu na mumotari, waliopishana miaka yote ile, sasa walikuwa nyuma ya milango iliyofungwa, wote wawili. Waliotoka walikuwa mchanganyiko: wenye hofu ya kuandikwa, vijana wawili watatu waliosema afadhali sasa kuna mtu anayeagiza na kitu kinafanyika, na mama mmoja aliyeniambia maji yakimwingilia ndani hayamwulizi alikuwa upande gani. Kushika beleshi ilikuwa kukubali. Kutoshika ilikuwa kuonekana hujakubali. Mchanga ndani ya kanivo ulikuwa mchanga.

Na ile sentensi? Safari hii aliisema shefu. Alikuwa na karatasi ya tangazo mkononi, alisimama mlango hadi mlango, na alipofika kwangu aliisema akitazama kisigino cha kiatu chake: "Mwajua, uchafu hauna chama." Nikamwambia ndiyo, Papa Shefu. Akaenda mlango mwingine.

Jumamosi kadhaa zilipita hivyo. Kisha, kwenye mvua za Machi, niliona jambo ambalo kwanza nililichukulia kama bahati. Ijumaa, jua likizama, mumotari alikuwa ameinama mbele ya parseli yake, anakokota sashe kwa reki ya misumari aliyoichonga mwenyewe. Nikamsalimia. Akasema ana harufu inayomsumbua. Wiki iliyofuata walikuwa watatu, kila mtu mbele ya mlango wake, kila mtu na sababu yake: panya, mtoto anaumwa, maji yamerudi. Baadaye nikamwona mwalimu, taa ya simu mdomoni, mikono yote miwili ndani ya maji meusi, kiuno kimekunjika vizuri kabisa. Mumotari aliteremka hatua tatu akamshikia kiroba. Sikusikia wakisemeshana kitu.

Nilihitaji Ijumaa ya tatu kuelewa. Kanivo ikiwa safi Ijumaa usiku, Jumamosi hakuna kazi. Pasipo kazi hakuna wa kutoka, na asiyetoka hakukataa. Watu wale wale ambao dodoso lingewaandika "hayuko tayari" walikuwa wanatoa jioni zao, kwenye giza, bila beleshi ya kuonekana, ili tu wasihesabike kuwa wametoa. Sijui mtafiti angeweka alama kwenye kisanduku gani. Na waliokuwa wakitoka Jumamosi nao wakaanza kuteremka Ijumaa, kwanza kwa aibu kidogo, halafu na viti vya kukalia.

Haikuwa sherehe, wala haikuzuia masashe. Yalikuwa mengi kama zamani, na giza la umeme liliendelea kuja lilipotaka. Ijumaa moja mvua kubwa ilinyesha, hakuna aliyeteremka, na Jumamosi asubuhi ule mgawanyiko ulikuwa pale pale, mlango kwa mlango, kana kwamba hatujawahi kushikiana viroba.

Ila Jumamosi iliyofuata saa mbili, shefu alipopita na koti lake la kijivu, kanivo ilikuwa nyeupe kutoka ukuta wa kanisa hadi kwenye ngazi, na avenyu nzima imefunga milango. Alitembea mpaka mwisho, akarudi, akasimama. Kisha akaweka karatasi ya ripoti kwenye goti, akaandika: "Salongo imefanyika." Tarehe akaweka ya siku ile.

Mama alikuwa ameshafungua mwavuli. "Papa Shefu, sambaza iko mubichi." Shefu akatafuta mfukoni, akampa noti. Mama akapima kikombe, akaongeza matabishi, akalamba kidole. Nilimtazama mzee akipanda ngazi, ripoti mkono mmoja, mkono mwingine sashe nyeupe inayovuja maji kidogo kidogo juu ya mawe.